Siti, Mbaraka, Remmy au Diamond? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nani alikuwa mkubwa

Ubishi huu hauna msimu. Mtu mzima anasema hajatokea tena mpiga gita kama Mbaraka Mwinshehe, kijana anatoa simu na kuonyesha mamilioni ya watazamaji, na kila mmoja anaondoka na msimamo aliokuja nao. Majibu haya ni ya mtu anayezipenda pande zote mbili, ila hayaogopi kutaja majina.

Tusizunguke. Nani mkubwa kuliko wote?

Kwa umaarufu, Diamond Platnumz. Kwa urithi, Siti binti Saad. Watu wanagombana kwa sababu wanayachukulia mambo hayo mawili kuwa jambo moja. Umaarufu ni wingi wa watu wanaokujua wakati wewe mwenyewe bado unajitangaza. Urithi ni kile kinachoendelea kutembea bila wewe: nyimbo zinaimbwa na watu wasioijua hata sura yako, wasanii wanapita kwenye mlango ulioufungua, jina linabaki mtaani. Wapo waliojaza viwanja vya mpira na leo hakuna anayekumbuka hata kiitikio chao kimoja.

Siti aliimba hata redio haijafika. Alijulikanaje?

Kwa sauti yake kwanza, kisha kwa santuri. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa, na jina hilo peke yake linaeleza ukoo wake ulivyotazamwa. Alitembeza vyungu akiuza. Mnamo 1911 alihamia mjini, upande wa Ng'ambo walikoishi watu wa kawaida, na huko akafundishwa kuimba kwa ala.

Taarabu ya siku hizo ilikuwa ya jumba la Sultani na ya vilabu vya waungwana kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa 1905. Iliimbwa kwa Kiarabu, na wengi waliokuwa wakiisikia kwa mbali hawakuelewa neno. Siti akaiimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 yeye na wenzake walipanda meli hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV. Sahani zile ziliporudi pwani, biashara ilikuwa nzuri kiasi kwamba kampuni nyingine nazo zilianza kuwatafuta waimbaji wa Kiswahili. Na sahani moja ikiwekwa kwenye gramafoni ya mkahawa, wasikilizaji ni mtaa mzima, na hakuna aliyekuwa akiwahesabu.

Halafu kuna alichokiimba. Hakuishia kwenye mapenzi. Wimbo wa Kijiti ni kisa cha mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja na namna kesi ilivyoendeshwa, ukiwa na hasira iliyofichwa ndani ya mashairi yaliyonyooka. Watu walijifunza habari ya mji kwa wimbo. Waliomwonea kijicho walimsema kwamba katoka shamba na kaniki yake, na kama si sauti angekula nini? Akawajibu kwa wimbo kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa nasaba si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Wasanii wa leo wanaotupiana vijembe wanapita njia aliyopita yeye.

Alifariki 1950. Redio ya Dar es Salaam ilianza mwaka uliofuata. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kiliita jarida lake Sauti ya Siti.

Mbona mimi namjua zaidi Bi Kidude?

Kwa sababu yeye alionekana. Fatuma binti Baraka alifariki tarehe 17 Aprili 2013, akiwa na umri ambao kila mtu alikuwa na hesabu yake, na alikuwa amekwisha kuzunguka Ulaya na Asia na kupewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005. Kamera zilimpenda: bibi kizee, sigara mkononi, ngoma kubwa imefungwa kiunoni kwa kanga, anaipiga akiwa amesimama. Nani atasahau picha hiyo?

Ila sikiliza alichokuwa akiimba jukwaani. Kijiti. Muhogo wa Jang'ombe. Nyimbo za Siti. Bi Kidude aliongeza vyake, hasa ngoma za unyago, na sauti yake iliyokwaruza haikufanana na ya mtu yeyote. Lakini sehemu kubwa ya umaarufu wake ilikuwa ni urithi wa mwenzake uliokuwa ukiendelea kulipa zaidi ya nusu karne baadaye. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mkubwa kuliko wote upande wa Siti.

Namba si zipo mtandaoni? Kwa nini tubishane?

Namba zipo, ila hazipimi kitu kimoja. Mwaka 2020 Diamond alitangazwa kuwa msanii wa kwanza wa kusini mwa Sahara kufikisha watazamaji bilioni moja YouTube. Ni jambo kubwa, na anayelibeza anaona wivu tu. Lakini bilioni moja ni mara ambazo video zimefunguliwa, hazimaanishi watu bilioni moja. Mtoto wa jirani akiucheza wimbo mara arobaini kwa siku, zinahesabika zote arobaini.

Weka na sensa hapo. Mwaka 1978 Tanzania ilikuwa na watu milioni 17.5. Sensa ya 2022 ilihesabu milioni 61.7. Mbaraka hata angesikilizwa na kila mtoto na kila mzee nchini, asingefikia soko alilozaliwa nalo msanii wa leo, na hapo hatujahesabu Nairobi, Lubumbashi, Bujumbura, Muscat na Waswahili wa Minnesota.

Na redio je? Kwa miaka mingi Tanzania bara ilikuwa na redio moja, ya serikali. Wimbo ukipigwa jioni, unasikika nyumba zote zenye redio, na kwa majirani wasio nayo pia. Hakuna kaunta iliyosogea. Leo shabiki ana uwezo wa kumkwepa Diamond: anabadilisha stesheni. Mwaka 1975 ungemkwepa mwimbaji Marijani Rajab kwa kwenda wapi?

Mbaraka Mwinshehe alikuwa mkubwa kiasi gani hasa?

Alikuwa mkubwa bila televisheni, jambo ambalo vijana wanapata shida kulielewa. Televisheni za bara zilianza miaka ya 1990 na yeye alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa na miaka 34. Maelfu waliomlilia hawakuwahi kuona sura yake ikisogea, labda wale waliokwenda ukumbini.

Alitoka mkoa wa Morogoro, akawa nguzo ya Morogoro Jazz, na mwaka 1970 alikwenda na bendi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia. Mwaka 1973 alijitoa na kuunda Super Volcano. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapisha santuri, kwa hiyo kama bendi nyingine alikimbilia Nairobi, na ndiyo maana Wakenya wana haki ya kumwita wao. Wimbo wake wa Shida ulivuma Kenya kama ulivyovuma kwao.

Msikilize kwenye spika nzuri, si kwenye simu. Gita la solo linaingia taratibu kama mtu anayesalimia, linauliza swali, sauti inajibu, kisha baada ya dakika mbili tatu bendi inabadilisha mwendo na gita linaachiwa lizungumze peke yake. Nyimbo zilipangwa hivyo kwa sababu watu walikuwa wakicheza ukumbini mpaka usiku wa manane. Wimbo wa leo wa dakika mbili na nusu umepangwa kwa ajili ya kidole kinachotaka kupitisha video inayofuata. Sisemi upi bora. Kila mmoja umeshonewa mwili wake.

Kwa nini wakongwe wengi waliishia bila kitu?

Hapa ndipo penye maumivu. Bendi nyingi za Tanzania hazikuwa za wanamuziki. NUTA Jazz, iliyoanza 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na ilibadilishwa jina kila chama kilipobadilika: JUWATA, OTTU, hadi Msondo Ngoma. Mlimani Park, yaani Sikinde, ya mwaka 1978, ilikuja kuwa chini ya shirika la maendeleo la jiji, DDC. Polisi walikuwa na bendi, jeshi lilikuwa na bendi. Magita, ngoma, spika, gari la kubebea vyombo, vyote mali ya ofisi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, kama karani. Mfumo huo ulikuwa na uzuri wake, maana mtoto wa maskini aliweza kushika gita asiloweza kulinunua. Ubaya wake ni kwamba siku akistaafu anaondoka mikono mitupu.

Kurekodi nako kulifanyika Redio Tanzania Dar es Salaam. Nyimbo zilipigwa miaka nenda miaka rudi na mirabaha haikuwapo. Kisha zikaja kaseti, na kila mwenye redio ya kurekodia akawa mchapishaji. Sheria ya hakimiliki iliyopo ni ya mwaka 1999. Wengi waliostahili kufaidi walikuwa wameshazikwa. Marijani, waliyemwita Jabali la Muziki, aliyefariki 1995, siku zake za mwisho alikuwa akijipatia riziki kwa kuuza kanda.

Mwaka 2013 Mzee Muhiddin Gurumo, sauti ya Msondo kwa miongo kadhaa, alistaafu na ikajulikana kwamba katika maisha yake yote ya muziki hakuwahi kumiliki gari. Diamond, kwenye uzinduzi wa video yake ya Number One, akamkabidhi gari. Wapo walioita kiki, yaani mbinu ya kutafuta umaarufu. Inawezekana, kamera zilikuwapo. Lakini Gurumo aliimba zaidi ya miaka hamsini, ikabidi kijana aliyekuwa na miaka michache tu kwenye muziki ndiye ampe usafiri. Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili, mzee alifariki.

Zamani tulishabikia bendi, leo mtu mmoja. Nini kilibadilika?

Jibu la juu limeshagusia. Mtangazaji alitaja bendi kwanza, mwimbaji baadaye au asimtaje kabisa. Waimbaji walihama, wakanyang'anywa, wakarudi. Shabiki wa Sikinde alibaki wa Sikinde. Kompyuta ya studio ilipoingia miaka ya 1990, kijana mwenye maneno kichwani hakuhitaji tena wapiga ala kumi wala ofisi ya kuwanunulia magita. Alihitaji prodyuza mmoja. Mr. II, ambaye ni Sugu, Profesa Jay, Juma Nature na Lady Jaydee wakajitokeza kwa majina yao binafsi, na Sugu na Jay baadaye wakaingia bungeni, kitu ambacho sidhani kama mwanamuziki wa bendi ya shirika angekiota.

Diamond amekwenda mbele zaidi: ana lebo, ana redio, ana televisheni. Mwajiri sasa ni msanii mwenyewe.

Remmy Ongala anaingia wapi kwenye mizani hii?

Panda daladala ya Sinza, Dar es Salaam. Konda atapiga kelele "kwa Remmy!", abiria watashuka, na wengi wao hawakuwahi kumwona Remmy. Msanii gani mwingine ana kituo cha basi?

Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam 1978 kujiunga na bendi ya Makassy, kisha akawa roho ya bendi ya Super Matimila. Alirekodi albamu mbili kwa lebo ya Peter Gabriel ya Real World, 1989 na 1992, akajaza kumbi za Ulaya akiimba Kiswahili kuhusu kifo, umaskini na sura mbaya. Ukimwi ulipoanza kuua na viongozi wakizungumza kwa mafumbo, yeye aliimba waziwazi kuhusu kondomu, na redio ya taifa ikakataa kuupiga wimbo. Watu wakaujua vilevile. Mwishoni aliokoka akahamia nyimbo za injili, na alifariki Desemba 2010. Kwa urithi ninamweka wa pili baada ya Siti, juu ya Mbaraka, nikijua kabisa Morogoro hawatanisamehe.

Diamond angefika alipo bila kiki?

Asingefika haraka hivyo. Lakini kiki haiimbi. Naseeb Abdul wa Tandale, ndiye Diamond, alielewa mapema kitu ambacho waliomtangulia hawakukifanyia kazi: mpaka wa Kiswahili unavukwa kwa kolabo. Mwaka 2014 alitoa Number One upya na Davido wa Nigeria, na milango ya Afrika Magharibi ikafunguka. Mwaka 2020 akamwita Koffi Olomide, na Wakongo wakacheza. Siti alikwenda Bombay kuifuata mashine. Diamond aliufuata mtandao wa mashabiki wa mwenzake.

Urithi wake utapimwa zaidi kwa watu aliowatoa. Harmonize, Rayvanny, Zuchu: wapo walioondoka kwa amani, wapo walioondoka kwa maneno, ila wote wamesimama. Zuchu ni binti wa Khadija Kopa, malkia wa mipasho, kwa hiyo ukimsikiliza vizuri unaisikia taarabu ikipenya ndani ya mdundo wa kompyuta. Usisahau kwamba wote hao wanaimba lugha ileile ambayo Siti aliingiza kwenye taarabu.

Timu Kiba mnaionaje?

Iko salama na ina haki zake. Ali Kiba alikuwa nyota kabla ya Diamond, na sauti yake haina mpinzani. Ushindani wenyewe si wa jana. Morogoro iligawanyika kati ya Morogoro Jazz na Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Dar iligawanyika kati ya Msondo na Sikinde. Miaka ya 1990 Khadija Kopa akiwa kikundi cha TOT na Nasma Khamis akiwa kikundi cha Muungano walirushiana mipasho hadi waume wakawa wanaulizwa nyumbani wako upande gani. Bila upande wa pili, mashabiki hulala.

Kuna wimbo uliomzidi nguvu mwimbaji wake?

Malaika. Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, Miriam Makeba akauzungusha duniani, Boney M nao wakauchukua. Hadi leo wapo wanaosema mtunzi halisi ni Adam Salim. Mamilioni wanauimba, na pengine mmoja kati ya kundi zima harusini ndiye anayeweza kutaja jina la Fadhili. Jambo Bwana wa Them Mushrooms, wa mwaka 1982, ni hivyohivyo: umekuwa wimbo wa kila hoteli ya pwani na kila mtalii anaujua kuliko anavyowajua wenye wimbo. Urithi wa namna hii ni mkubwa na hauna shukrani.

Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar. Kwa nini hayumo?

Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na kwa umaarufu wa dunia nzima hakuna mzaliwa wa visiwani anayemkaribia. Mji Mkongwe una makumbusho yake na watalii wanapiga picha mlangoni. Ila muziki wake ulikulia London, na hakuna mwanamuziki wa Zanzibar anayepiga kwa kufuata nyayo zake. Mwaka 2006 hata sherehe ya kumkumbuka ilisitishwa baada ya kikundi cha kidini kupinga. Ni nyota aliyezaliwa kwetu, si nyota wa muziki wetu.

Mbona mmewajaza Watanzania?

Mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini mpaka wenyewe ulikuwa wa karatasi: ndugu wa Simba Wanyika walitoka Tanga wakavuma Nairobi, Samba Mapangala alitoka Kongo akaimba Kiswahili Kenya, Kidum ni wa Burundi. Sauti Sol walioagana na mashabiki mwaka 2023 wangeweza kupata ukurasa wao.

Na Michael Jackson?

Huyo hana wa kulinganishwa naye hapa. Alipofika Dar es Salaam Februari 1992 watu walijipanga barabarani kumwona mtu ambaye wengi walimjua kwa kanda za video za kuazimana. Tuwalinganishe waliotumia lugha moja na soko moja, vinginevyo tunapoteza muda.

Nyimbo gani za leo zitapigwa miaka hamsini ijayo?

Ondoa video, ondoa mitindo ya kucheza, mpe mtu mmoja gita kavu. Ukibaki na wimbo, unao. Nyingi zinazovuma sasa hazivuki hapo, kwa kuwa zimetengenezwa kwa mdundo na mdundo huzeeka haraka. Katika kapu lote la Diamond mimi ningeweka dau kwenye Kamwambie, wimbo uliomtoa: hauna kolabo, hauna Kiingereza, kijana anatuma ujumbe kwa msichana aliyemwacha. Sikinde wangeupiga bila kubadilisha neno.